Mtego wa Mipaka Mitatu

SEHEMU YA KUMI NA MOJA

"Lile basi la Jumatano la Sirari usipande, mpenzi."

Ndiyo kauli iliyomfanya Leonsia aiachie simu ikatumbukia kwenye beseni la vyombo, nasi tukamwacha hapo jikoni, mikono imejaa povu. Najua mmeninung'unikia wiki nzima. Mmoja wenu kanitumia ujumbe kuwa simu ikishaingia maji hadithi imekwisha. Ingekuwa rahisi hivyo! Leonsia aliiopoa, akaifuta kwa kanga, akaifukia kwenye ndoo ya mchele, na alfajiri ikawaka kama vile hakijatokea kitu.

Mwenye hali mbaya alikuwa yeye mwenyewe. Hakulala.

Maana hebu fikiri nawe, msomaji. Malimi alijuaje habari ya Sirari?

Kwa wewe uliyetufungua leo kwa mara ya kwanza, sogea nikueleze upesi. Leonsia Rweyemamu ni mwalimu wa kemia katika sekondari moja huko Buswelu, mzaliwa wa Muleba, miaka thelathini na mitatu. Mchumba wake ni Malimi Shimba, Msukuma wa Magu, fundi wa majokofu, aliyeondoka miaka miwili iliyopita kwenda Durban, Afrika Kusini, kutengeneza vyumba vya barafu bandarini. Kila jioni anapiga simu. Kila jioni anasema anampenda. Lakini Malimi kwa kina Leonsia hajawahi kujitambulisha, si kwa barua, si kwa mshenga, si hata kwa salamu. Na Mzee Rweyemamu, baba mtu, mwalimu mkuu mstaafu, alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba binti yake hatamfuata mwanaume ambaye hajapiga hodi nyumbani kwao.

Leonsia akaamua kumfuata. Kimya kimya, likizo hii ya Juni, kwa mshahara wa mwalimu. Malimi aliambiwa angoje mwisho wa mwezi. Kumbe mwenzake alikuwa amepanga kutua Durban wiki mbili kabla, bila taarifa, aone kwa macho yake yule mwanaume anaishi vipi na anaishi na nani. Akimkuta msafi, ataolewa. Akimkuta na mambo, amekosa mchumba, na akirudi hana pa kuuweka uso mbele ya baba yake.

Sasa, sisi hatusafiri bila kamati, hata safari iwe ya siri. Mwenyekiti alikuwa Shangazi Bernadeta wa Igogo, nesi mstaafu, dada wa Mzee Rweyemamu, maana kwao mambo ya binti kuolewa ni ya shangazi. Katibu alikuwa Prudencia, mwalimu wa jiografia, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Wa tatu alikuwa Jonathan, mtoto wa mama yake mdogo, mwenye kiofisi cha kukata tiketi karibu na Makoroboi. Wote watatu waliapa: Mzee Rweyemamu asisikie, na Malimi asisikie.

Kikao cha Alhamisi kilichoamua Jumatano na Sirari kilikuwa kimefungwa kwa sala saa moja tu kabla ya ile simu.

Kwa hiyo ni mmoja kati ya hao watatu. Nani?

Mwalimu wa kemia hapigi kelele. Anapima. Leonsia alifungua daftari lake la safari, lile alilolichafua kwa penseli miezi mitatu akilinganisha nauli. Ndege ya kutoka Mwanza kupitia Dar ilikuwa bei ya watu wenye mashamba ya vanila. Lakini kanda hii ina bahati yake: unavuka mpaka kwa basi, ndege unaipandia kwa jirani, begi moja la kilo saba mgongoni, siku za katikati ya wiki ambazo wenye pesa hawasafiri. Sirari kwa ndege ya Nairobi. Mutukula kwa ndege ya Entebbe. Rusumo kwa ndege ya Kigali. Sauzi yenyewe Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi.

Mipaka mitatu, watu watatu. Akampa kila mmoja wa kwake.

* * *

Ijumaa asubuhi, ofisi ya walimu. Prudencia ameinamia rundo la karatasi za mtihani.

"Pruu, Sirari nimeiacha."

"Umeiacha? Jana si tumekubaliana?"

"Napita Rusumo. Nalala Kigali, napanda ndege ya Alhamisi. Nimepiga hesabu, inanitoka nafuu."

"Shangazi anajua?"

"Sijamwambia mtu. Wewe tu."

Prudencia aliweka kalamu nyekundu chini. Alimtazama rafiki yake kidogo, halafu akaanza kuikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Rusumo ni pazuri," akasema. "Unaondoka saa ngapi?"

Juzi Leonsia angelijibu swali hilo bila kufikiri. Leo alijiuliza saa ya nini.

"Nitakwambia," akasema, akaenda zake darasani.

Saa saba mchana alikuwa Makoroboi. Jonathan alisimama kumpokea, maana ni kijana mwenye adabu, tatizo lake ni moja tu: hawezi kudanganya bila kutoka jasho.

"Shikamoo dada. Ile bei ya Nairobi nimeishikilia, lakini mwisho wake kesho saa kumi jioni. Ikipita hapo inapanda karibu mara mbili, na mimi sina la kufanya."

"Marahaba. Endelea kuishikilia. Ila Sirari sipiti tena Jumatano, napita Jumatatu."

Vidole vya Jonathan vikasimama juu ya kompyuta.

"Jumatatu? Na Malimi atakuwa anajua?"

"Ajue nini, Jonathan? Si tulisema tunamshtukiza?"

"Ee. Kweli. Kweli kabisa, dada." Akachukua karatasi akaanza kujipepea, na feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake.

Wa mwisho alikuwa Shangazi. Leonsia alimkuta Igogo, kibarazani, anapima senene wakavu, wale panzi wa kuliwa, kwenye mzani wa mkono. Alikuwa ameshaamua kwamba robo ya zile kilo saba ni ya senene, na mwenyekiti akishaamua, kamati inapiga makofi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba waitu, mwenzetu. Kaa. Umekonda."

"Shangazi, nimebadilisha njia. Napanda meli mpaka Bukoba, navuka Mutukula, ndege naipandia Entebbe."

Mzani ukateremka taratibu mpaka magotini.

"Bukoba? Mawe, mama yangu! Na baba yako akikuona?"

"Nitajifunika mtandio."

"Mh." Shangazi akanyanyuka. "Ngoja nilete chumvi."

Aliingia chumbani, akakaa dakika kumi. Leonsia alisikia mnong'ono nyuma ya pazia, maneno hayashikiki, ila ulikuwa mnong'ono wa mtu anayezungumza na simu. Shangazi aliporudi hakuwa na chumvi. Wala hakuitaja tena.

Leonsia alirudi Buswelu. Aliombea mtego usinase mtu. Alikuwa radhi aonekane mjinga kuliko kuambiwa kwamba mmoja wa wale watatu anamuuza.

* * *

Saa kumi na mbili jioni simu ikaita. Si ya video. Kamera ya simu ya Malimi ilikufa mwezi wa tatu, na tangu hapo ni sauti tu.

"Mpenzi, umeshindaje?"

"Salama. Na wewe?"

"Kazi tu, mabarafu yananisumbua. Hivi, eti Rusumo umewahi kupita?"

Leonsia alikaa kitandani polepole.

"Hapana. Kwa nini?"

"Aa, kuna jamaa hapa wa Ngara ananihadithia. Anasema ni mbali, unafika hoi. Mimi ningekuwa wewe, hata siku moja nisingepita kule."

"Basi sawa," akasema Leonsia. Sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali.

Prudencia! Prudencia aliyelala naye mkeka mmoja siku tisa Leonsia alipofiwa na mama yake. Leonsia alilia, na simlaumu. Alilia mpaka mto ukalowa, akajiapiza kwamba kesho saa moja asubuhi atakuwa mlangoni kwa yule mwanamke, na majirani watasikia.

Saa moja asubuhi ilipofika alikuwa ameshavaa viatu. Mkono uko kwenye komeo. Simu ikalia, ujumbe wa Malimi.

"Nimekuota uko kwenye meli. Wewe na maji wapi na wapi, unakumbuka ulivyotapika siku ile ya Ukerewe? Mutukula siyo njia yako."

Leonsia akausoma mara ya pili. Mutukula ilikuwa ya Shangazi.

Kabla hajavuta pumzi, simu ikaita.

"Mpenzi, samahani kwa kukuamsha. Jumatatu usifanye jambo lolote kubwa, eh? Jumatatu siyo siku nzuri. Mabasi ya Sirari yanajaa sana."

Ilikuwa ya Jonathan.

Chupa tatu, na zote tatu zimegeuka rangi! Leonsia alivua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi. Katika kemia, jibu kama hilo lina maana mbili tu: ama kipimo chako ni kibovu, ama kila ulichokipima kina sumu. Na kipimo chake kilikuwa kizuri.

Akavaa kiatu. Akaandika kwenye kundi la kamati: "Kikao cha dharura. Saa tatu, kwa Shangazi. Asiyekuja nitajua sababu."

* * *

Walikuja wote. Shangazi alikuwa ametandika kitambaa kipya mezani, kama mtu anayetaka kusamehewa kabla hajashtakiwa.

Leonsia aliingia na sufuria kubwa, akaifunua.

"Simu zote humu."

"Leonsia, ndo nini sasa?" Prudencia akauliza.

"Chumba cha mtihani. Humu."

Simu tatu zikaingia. Akafunika, akakalia kiti, sufuria ikiwa chini yake, akawatazama mmoja mmoja.

"Nani kati yenu anaongea na Malimi?"

Jonathan alianza kutoka jasho.

"Dada, mimi..."

"Mimi nilimwambia kwa wema," Prudencia akamkatiza.

"Wewe?" Shangazi akageuka. "Wewe naye? Mimi aliniambia ni mimi peke yangu!"

"Hata mimi aliniambia hivyo hivyo," Jonathan akasema, na hapo wote watatu wakatazamana kwa hasira ya watu waliotapeliwa na mtu mmoja.

"Semeni," Leonsia akasema. "Aliwaambia nini? Shangazi, anza."

Shangazi alirekebisha kilemba. "Alinipigia baada ya Pasaka. Kwa heshima, waitu, kwa heshima kabisa. Akasema mwezi wa nane anakuja na wazee wake kuleta barua, ila wewe usitangulie kule ukamharibia. Akasema, Shangazi, nisaidie kumchelewesha, nami nijue tu anapanga nini. Nikafurahi. Nikasema kumbe kijana ana adabu."

"Prudencia?"

Prudencia alikuwa analia tayari. "Mimi aliniambia wanalala wanaume sita chumba kimoja. Anaona aibu umkute hivyo. Akaniomba nisikuambie, nimpe tu habari ili awahi kutafuta chumba. Leonsia, nilimwonea huruma. Haki ya Mungu nilimwonea huruma."

"Jonathan?"

"Mimi, dada, alisema ameshahama Durban. Yuko Cape Town. Kwamba ukienda Durban utamkosa, na tiketi haibadilishwi. Akasema nikushikilie mpaka akupe anuani mpya."

Leonsia aliinamisha kichwa. Mmoja kaambiwa anakuja. Mmoja kaambiwa wamejaa. Mmoja kaambiwa kahama. Katika midomo mitatu mwanaume mmoja yuko katika hali tatu, na jambo moja tu linafanana: Leonsia asifike.

"Ana mwanamke," akasema. Alilisema wazi, kwa sauti ya kawaida, na baada ya kulisema akaona amelijua siku nyingi.



"Saa kumi bei inaisha," Jonathan akanong'ona. "Niiachie?"

"Usiiguse."

Mlangoni pakasikika hodi.

Alikuwa Yeremia, jirani wa Shangazi, katekista mstaafu, Msukuma mwenye viatu vyenye vumbi na uso wa mtu aliyekula vizuri. Shangazi akaruka kwenye kiti.

"Mzee Yeremia! Si leo, njoo jioni!"

"Aa, Mama Bernadeta, nimeshuka kwenye gari sasa hivi, nimesema habari njema isilale." Akaingia, akasalimiwa shikamoo na vijana watatu, akaitikia moja moja bila haraka, akaketi.

"Habari njema ya nini?" Leonsia akauliza.

Shangazi alitazama dari. Ikabidi aseme. Alhamisi, baada ya kikao, alikuwa amemtuma Yeremia Magu, kwa kina Shimba. Binti haendi kwa watu wasiochunguzwa, ndivyo alivyolelewa Shangazi na ndivyo alivyochunguzwa yeye mwenyewe: kuna wezi kwenye ukoo ule? Kuna kifafa? Wanaishije na majirani? Mchunguzi haambiwi mengi, asije akayamwaga njiani. Yeremia alipewa jina la ukoo na jina la kijana, basi. Alijifanya mnunuzi wa ng'ombe.

"Na nimechunguza," Yeremia akasema, akipangusa paji la uso. "Watu safi. Mama mwenye nyumba ni mchapa kazi. Mpunga wanao, ng'ombe wanao. Majirani nimeuliza nyumba nne, hakuna aliyewasema vibaya, na mnajua majirani walivyo. Ila huyo kijana ndiye nimempenda zaidi. Kaniamkia vizuri, kaniletea maji ya kunawa yeye mwenyewe, kanichinjia jogoo kwa mkono wake."



"Kijana yupi?" Shangazi akauliza.

"Si huyo mliyenituma. Malimi."

"Malimi yuko Durban," Leonsia akasema.

Yeremia akafikiri. "Durban ni kitongoji gani? Mimi nimemkuta pale nyumbani kwao, nyuma ya kinu cha pamba."

"Utakuwa umekutana na ndugu yake."

"Binti, mimi nimeandikisha watu ubatizo miaka thelathini, sichanganyi majina. Malimi Shimba, fundi wa mafriji. Kidole hiki cha mkono wa kushoto hakina kucha. Nilimuuliza, akasema kilibanwa na mashine kwenye kiwanda cha samaki."

Leonsia alikifahamu kidole kile. Alikuwa amekifunga bandeji yeye mwenyewe.

"Yuko pale tangu lini?" Hakujua kama ni yeye aliyeuliza au ni Prudencia.

"Mama yake anasema tangu Kwaresma."

Kwaresma. Mwezi wa tatu. Mwezi ule ule kamera ilipokufa.

Miezi mitatu Leonsia anakonda kwa kubana matumizi, anajinyima hata nguo ya Pasaka, anasoma ratiba za ndege za nchi tatu, anachomwa sindano ya homa ya manjano mpaka mkono unavimba, na mwanaume yuko Magu anachinja jogoo! Alitaka kulia, hasira ikamkatalia. Alijisikia mchafu, kama mtu aliyechekwa barabarani bila kujua.

Akasimama.

"Jonathan, gari yako ina mafuta?"

"Inayo."

"Unanipeleka. Mzee Yeremia, nakuomba utuonyeshe nyumba."

"Na simu zetu?" Prudencia akauliza.

"Zinabaki kwenye sufuria. Shangazi akulinde wewe, nawe umlinde Shangazi. Atakayefunua huo mfuniko kabla sijarudi, asinijue tena."

* * *

Walipita Kisesa, wakapita Nyanguge, bila mazungumzo ya maana. Yeremia alisinzia kiti cha nyuma. Jonathan alijaribu kuomba msamaha mara mbili, akaambiwa aangalie barabara. Safari ilichukua saa moja na robo. Hakuna aliyeombwa pasipoti.

Njiani Leonsia alitunga maneno ya kumwambia, makali kweli kweli, na kila alipomaliza kuyatunga aliona sura ya Malimi akicheka, akayasahau. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alikuwa bado anampenda.

Jonathan alisimamisha gari mbali kidogo, kwenye duka la pembejeo. Yeremia akanyoosha kidole: ua wa minyaa, paa la bati jipya, mti wa mpera. Leonsia akashuka peke yake. Ilikuwa karibu saa sita, jua la Magu liko utosini, na njia yote ilikuwa haina mtu ila mbuzi wawili.

Kando ya ua alisimama. Ndani alisikia kikombe kikiwekwa mezani, na kiti kikivutwa. Watu walikuwepo, ila minyaa ilikuwa imefunga, hawezi kuwaona.

Akatoa simu, akapiga.

Ndani ya ua, hatua kumi na tano kutoka aliposimama, simu ikaita.

Ikaita mara tatu. Kiti kikavutwa tena.

"Mpenzi!" Sauti ya Malimi ikamfikia mara mbili, sikioni na juu ya minyaa. "Mbona mapema leo?"

Leonsia alishika tawi la mpera ulioinamia nje.

"Uko wapi?"

"Kazini. Bandarini hapa, jokofu moja kubwa limegoma, wametuita Jumamosi yote."

"Durban?"

"Sasa wapi tena, mpenzi?"

"Kuna baridi?"

"Baridi kali. Nimevaa makoti mawili."

Jasho lilikuwa linamtiririka Leonsia mpaka kwenye nyusi. Akafumba macho. Yale maneno yote makali yakamkusanyikia kinywani, akafungua mdomo ayatoe.

Ndani, mtu mwingine akakohoa. Mwanaume, mtu mzima. Alikohoa kikohozi kifupi, mara mbili, kama mtu anayetaka darasa linyamaze, kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo simuni isingesikika, lakini juu ya ua ilifika neno kwa neno:

"Mwambie tiketi asilipe. Usilegee sasa, Malimi. Shikilia hapo hapo kama tulivyopatana."

Sauti ile aliifahamu kabla hajajua kusoma. Ndiyo iliyomfundisha Baba Yetu na ishara ya msalaba, kule Muleba, akiwa na miaka minne.

Ilikuwa sauti ya baba yake mzazi.